Mpole Hakusema Hayo

Siku ya khitma ya kaka yake, Salma alinikuta jikoni nikipanga sahani, akanishika mkono kwa viganja vyake viwili vilivyonuka kitunguu na bizari, akaniomba radhi kwa niaba ya marehemu. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu nyuma yetu walikuwepo wanawake wakipakua pilau kwenye masinia na kila mmoja wao alikuwa na masikio mazima. "Shoga yangu, Idrisa keshakwenda zake. Nnakuomba umsamehe." Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu akishazikwa, jamaa zake huwapitia wote aliowahi kugombana nao, mmoja mmoja, wakamwombea msamaha ili asilale kaburini na haki za watu. Wengi hujibu palepale kwamba wamemsamehe na Mungu amsamehe, kisha hunyoosha mkono kuchukua nyama. Mimi nilimwambia Salma aningoje nimalize sahani. Nilizimaliza, nikazipangua, nikaanza kuzipanga upya. Kutoka sebuleni walikokaa wanaume nilimsikia bwana mmoja akisifu kwamba marehemu ndiye aliyewafumbua macho vijana wa mtaa wetu wa Kiponda, kwamba bila yeye wasingewajua mabingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani, si uchezaji wao tu bali hata tabia zao. Wenzake wakaitikia kwa pamoja. Niliposikia hilo neno tabia, niliweka sahani chini nikatoka uani, maana ningebaki ningesema maneno yasiyosemwa kwenye nyumba ya msiba.

Nilikuwa nimekaa na chuki yangu kwa Idrisa muda mrefu na sioni haya kuiita kwa jina lake. Watu wa mtaani walikuwa wameniambia kwamba haifai, kwamba Muislamu hamnunii mwenzake, kwamba mambo yenyewe ni ya mpira na ya utotoni. Niliwasikiliza, nikawakaribisha chai, na walipoondoka nilibaki na chuki yangu palepale walipoikuta. Lakini radhi ni jambo jingine. Nikisema nimesamehe hali sijasamehe, nitakuwa nimemdanganya maiti na nimemdanganya Mungu, na nyumba ile imeshasikia uongo wa kutosha. Kwa hiyo nilikaa uani juu ya kigoda, karibu na masufuria yaliyokuwa yakingoja kusuguliwa, nikaupitia mwaka ule wote kichwani, nione kama kuna mahali nitapata la kumsamehe.

Mwaka wenyewe nilikuwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini, na nyumba ile ile ya msiba ndiyo iliyokuwa na deki ya video. Chumba kilikuwa ghorofani. Ulipanda ngazi za mbao zilizokuwa na kiza hata mchana, ukifika juu ukavua viatu kwenye rundo la viatu vya wenzako, ukaingia. Dari ilikuwa ya boriti, kuta zilibambuka chokaa kila mtu alipoegemea, na televisheni iliwekwa juu ya sanduku la zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukifunua isipokuwa Idrisa. Wavulana walikaa mbele kwenye busati. Sisi wasichana, mimi na Salma na wengine wawili watatu, tulikaa nyuma karibu na mlango, ili Bi Asha, mama yao Idrisa na Salma, atuone kutoka jikoni alikokaanga bajia na kachori. Alipitisha sinia pamoja na chatne ya nazi, tukala macho yetu yakiwa kwenye picha, na aliyemwaga chatne kwenye busati alifukuzwa mpaka Ijumaa nyingine. Kanda zililetwa na ami yao aliyekuwa akiishi Kanada. Alizirekodi kutoka televisheni ya huko na matangazo ya biashara ndani yake, nasi tuliyatazama mpaka matangazo, ya sabuni na ya magari, kwa heshima ile ile. Kanda za huko hazikupatana na mashine zetu, kwa hiyo picha zilikuja bila ya rangi. Idrisa ndiye aliyetwambia rangi. Alisema timu ya Mpole huvaa kijani, na mtaa mzima ukapenda kijani.

Majina ya wale wachezaji yalitushinda kuyatamka, tukawapa ya kwetu. Palikuwa na Mnara, palikuwa na Fundi Saa, lakini moyo wa chumba kile uligawika kwa watu wawili tu. Mpole alikuwa mrefu, akicheza kwa mkono wa kushoto, akikaa benchi alijifunika taulo kichwani kama bibi aliyejitanda, na akihojiwa alitazama chini na kujibu maneno machache. Kwetu sisi hiyo ni adabu. Mtoto aliyelelewa hamkodolei macho mkubwa anaposema naye. Kiburi alikuwa mfupi kati ya warefu, mwenye meno mengi, mdomoni akitafuna kitu muda wote, akimkatiza kocha wake maneno, na kila alipofunga alinyoosha kidole kuelekea majukwaani, juu kabisa waliko watu. Kumnyooshea mtu mmoja kidole kwetu ni dharau, na huyu aliunyooshea uwanja mzima. Tulimzomea. Wavulana walimtukana mpaka Bi Asha akapiga mlango kwa mwiko. Haikumpitikia yeyote kati yetu kwamba huenda huko Marekani macho na vidole vina kazi nyingine. Tulikaa Kiponda tukawahukumu watu wa ng'ambo kwa adabu ya Kiponda, na tulijiona tunajua sana. Bi Asha mwenyewe alimpenda Mpole kutushinda sote. Alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Kaweka?" na akiambiwa kaweka, husema alhamdulillahi. Siku moja aliuliza kama ni Muislamu. Idrisa akamjibu kwamba bado, ila yuko karibu. Tangu siku hiyo Bi Asha alimwombea dua kila baada ya sala ya Alasiri.

Kila mechi ilipomalizika walikuja waandishi na vinasa sauti vyao, na hapo Idrisa alisimama. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kuwatembeza watalii kwenye mashamba ya viungo ya Kidichi, na ni yeye peke yake aliyeweza kukifuata Kiingereza cha Wamarekani, ambacho hupitia puani na hakipumziki. Sisi tulikuwa na Kiingereza cha darasani, cha kusoma ubaoni. Alisimama kando ya televisheni, akaipunguza sauti, akatufasiria. Kabla ya kila mechi, alisema, Mpole humpigia simu mama yake. Kwa mshahara wake wa kwanza Mpole aliwachimbia kisima watu wa kwao. Mpole hajawahi kumjibu mkubwa. Na Kiburi, alitwambia, amesema hana mpinzani duniani, na hata kocha wake hajui mpira. Tulikunywa maneno hayo pamoja na chai ya tangawizi.

Nami nilimpenda Mpole. Sisemi kupenda kwa mzaha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikampenda mtu yule kwa namna ambayo sijampenda mtu mwingine baadaye, hata niliyemzalia watoto. Nikigombezwa, nilijiuliza Mpole angejibu nini. Nilianza kumwamkia kila mzee niliyekutana naye njiani, shikamoo huku na shikamoo kule, mpaka baba akaniuliza kama nina homa. Watu hucheka wakisikia msichana wa Unguja alimpenda mchezaji wa Marekani aliyemwona kwenye kanda isiyo na rangi. Wacheke. Mchezaji kama yule hakujui wala hatakujua, ulichonacho kwake ni uchezaji unaouona na tabia unayoambiwa. Uchezaji niliuona kwa macho yangu. Tabia niliipokea kutoka mkononi mwa Idrisa, nikamwamini kama mtu anavyomwamini anayemsomea barua ya mzazi wake.

Na nilicheza. Hili watu wa khitma hawalijui, au walilijua wakalisahau kwa sababu halikuwafaa. Timu ya wasichana ya shule yetu ilifanya mazoezi alasiri kwenye uwanja wa saruji nyuma ya madarasa, tumevaa suruali ndefu, mitandio tumeifunga nyuma ya shingo, na fulana za kijani tulizozitia rangi wenyewe kwenye ndoo. Mwalimu wetu alikuwa Ticha Veronika, wazee wake watu wa bara, mwanamke mwenye mwili na sauti, asiyejali nani anapita nje ya ukuta na anasema nini. Mimi niliweza kufunga kwa mkono wa kushoto. Nilijilazimisha kwa miezi, nikauzoesha mkono ule kila kitu isipokuwa kula. Mwaka ule shule ilialikwa kwenye mashindano Dar es Salaam. Ticha Veronika alikuja nyumbani, akakaa na baba, akala mkate wa ufuta, akamweleza kwamba huko watakuwepo walimu wa vyuo wanaotafuta wasichana wa kuwasomesha na kuwachezesha. Baba alifikiri mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema niende. Nilitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Begi nilikwishaliazima kwa jirani.

Salma naye alikuwamo kwenye timu, na alicheza vizuri kuliko alivyojijua. Idrisa alimkatalia siku ile ile alipopata habari. Baba yao hakuwepo tena, kwa hiyo neno la Idrisa ndilo lililokuwa neno la nyumba. Siku chache baadaye nilipokuwa nikipanda zile ngazi, nilimsikia Bi Asha akisema na mwanawe kule juu. "Mtoto wa watu anakwenda na babake karidhia," alimwambia. "Kama Zuhura anakwenda, na Salma naye wende. Watakuwa wawili." Idrisa akasema Zuhura, yaani mimi, haendi. Bi Asha akauliza kasema nani. Idrisa akajibu, "Utaona." Nilisimama kizani na viatu mkononi, nikacheka moyoni, nikadhani amepata habari za uongo. Nikaingia, nikasalimia, nikala bajia zake. Kile kicheko changu cha ngazini mpaka leo kinanitia hasira.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na kanda mpya. Chumba kilijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Timu ya Mpole ilifungwa, Mpole akakaa na taulo lake, kisha ikaja ile meza ya mahojiano: chombo cha maua, vinasa sauti vimesongamana, na mwandishi aliyevaa shati la mistari. Siku nyingine zote Idrisa alibakisha sauti kidogo. Siku hiyo aliiondoa kabisa. Akasema mwandishi amemuuliza Mpole anaonaje wasichana wanaocheza mpira huu. Akaitazama midomo ya Mpole ikicheza, akangoja kidogo kama kawaida yake, halafu akasema: "Anasema, mtoto wa kike anayekimbia uwanjani mbele ya watu kamvunjia heshima mamake. Anasema dada yake alitaka, akamkataza. Anasema msichana wa namna hiyo, hata ampende vipi, yeye hawezi kumtazama." Chumba chote kiligeuka nyuma. Hawakumtazama Salma wala wale wengine. Walinitazama mimi, kwa sababu hapakuwa na mtu asiyejua nampenda nani. Kijana mmoja akaniambia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi, kwamba bora nimesikia mapema. Nilikuwa na kachori mdomoni, nikaitema kiganjani. Salma alikaa ubavuni mwangu akinyoosha pindo la kanga yake. Kisha akaja Kiburi kwenye meza ile ile, akacheka, akanyoosha kidole juu, na Idrisa akasema huyu leo hana la maana, akazima.

Shule ilipofunguliwa nilimwambia Ticha Veronika kwamba siendi. Aliuliza kama baba amegeuka, nikasema ni mimi mwenyewe. Aliuliza kama naumwa, nikasema siumwi. Akasema hawezi kunibeba mgongoni, nikajibu kwamba sikumwomba anibebe, na hilo ndilo jibu la kwanza la utovu wa adabu nililowahi kumpa mwalimu. Nafasi yangu alipewa msichana wa Mkokotoni aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mjini, na huko Dar wale walimu wa vyuo wakamtazama yeye. Alisomeshwa, akacheza miaka mingi bara, sasa anafundisha timu. Sina ubaya naye. Begi nililirudisha likiwa tupu, na jirani akanisifu kwa kuwa mtoto wa heshima. Baba tangu wakati ule hakunitetea tena kwenye jambo lolote. Nadhani alijiona mjinga kwa kunipa ruhusa ambayo mwenyewe sikuitaka. Mpira sikuugusa tena. Nilisoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza, na nilikisoma kwa bidii ambayo wenzangu hawakuielewa. Sababu yake ilikuwa ya kitoto. Nilitaka siku moja nimsikie Mpole kwa masikio yangu, bila ya mtu baina yetu.

Siku hiyo ilifika nikiwa mtu mzima, watoto wangu wakubwa. Ilikuwa Ramadhani, ule wakati wa alasiri ambao mtu hana nguvu ya kufanya kazi wala ya kulala, na binti yangu alikuwa na simu yake akitazama mechi za zamani mtandaoni. Nilimwambia amtafute Mpole. Nikamtajia jina lake la kweli, na lilitoka mdomoni kwa shida kama jina la mtu niliyewahi kuachana naye. Akampata. Nikaiona ile meza, maua yale, mwandishi wa shati la mistari. Sasa kulikuwa na rangi, na fulana ya Mpole ilikuwa ya zambarau. Mwandishi alimuuliza kwa nini wamefungwa. Mpole akatazama chini, akasema kwa sauti ya kuburura kwamba yeye hakucheza vibaya, wenzake ndio hawafai, na kwamba mwandishi huyo hajawahi kushika mpira maishani mwake, kwa hiyo amwache aende nyumbani. Hakuwa akitazama chini kwa adabu. Hakuona sababu ya kuwatazama wale watu. Hapakuwa na suali la wasichana, hapakuwa na dada, hapakuwa na mama.

Kisha akaja Kiburi na meno yake. Alisema mpira alifundishwa na dada yake, kwenye uwanja wa udongo nyuma ya nyumba yao. Alisema dada yake alikuwa hodari kuliko yeye na mpaka leo ni hodari kuliko yeye, ila hakuna aliyempelekea kamera. Alisema dada huyo hukaa juu kabisa majukwaani kwa sababu hapendi kusongwa, na yeye Kiburi kila anapofunga humnyooshea kidole, ili watu wajue aliyefunga hasa ni nani. Binti yangu aliniuliza mbona nalia na nimefunga. Nikamwambia kulia hakubatilishi funga. Usiku ule sikuweza kumwambia mtu nilichopoteza, kwa sababu vilikuwa vitu viwili na sikujua nianze na kipi. Safari ilinipita, hiyo nilikuwa nikiijua. Lakini pia mtu niliyempenda hakuwahi kuwepo, na yule aliyestahili kupendwa nilimzomea mwaka mzima, tena nikiwa na chakula cha watu mdomoni.

Baada ya Idi nilimfuata Idrisa dukani kwake. Alikuwa akiwauzia watalii vinyago na kofia, amenenepa, ndevu amezitia hina. Sikumwamkia. Nilimwambia nimeiona ile kanda. Alijua kanda gani. Niliona usoni kwake kabla hajaanza kucheka. Alisema hayo ni mambo ya kitoto. Alisema watu walitaka mtu mwema wa kumpenda naye akawapa, na wako vijana walioacha sigara kwa maneno yake. Nikamuuliza, "Na mie?" Alichukua kinyago akakipangusa vumbi kwa pindo la shati. "Weye ulitaka kuambiwa tu," akasema. "Ungelitaka kwenda kweli, ungelikwenda. Nani alikufunga kamba?" Akaingia mtalii, naye akamgeukia kwa kile Kiingereza chake kizuri akimsifia kofia. Niliondoka. Tangu siku hiyo sikusema naye tena, na kununiana na mtu Mji Mkongwe si kazi ndogo, maana katika vichochoro vyetu watu hawapishani bila ya kugusana mabega. Akitokea kona ile niligeukia ukutani mpaka apite. Alipougua sikwenda kumtazama. Alipokufa nilisikia tangazo la msikitini nikiwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Kwenye khitma nilikwenda kwa ajili ya Salma tu.

Hayo ndiyo niliyoyapitia uani siku ya khitma, na sikupata la kumsamehe. Kila nilipofika dukani kwake, kwenye ile kamba aliyoniuliza, chuki ilirudi ikiwa nzima. Nilikwishaamua kumwambia Salma hapana. Alipotoka alikuwa na sinia dogo la pilau na kachumbari pembeni, akaliweka baina yetu, akakaa chini kwenye jamvi taratibu kwa sababu ya magoti yake. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu usichana. Aliolewa mara tu baada ya shule, mtaa wa pili, na maisha yake yote yamekwenda baina ya nyumba mbili zinazosikilizana adhana. Aliniambia Idrisa mwenyewe, siku zake za mwisho, alinitaja kwa jina, akamwagiza aje kuniombea radhi. Nikamjibu kwamba alikuwa na miaka chungu nzima ya kunitaja nikiwa naweza kumjibu. Akawa anavurugavuruga wali kwa vidole bila ya kula.

"Kuna jambo hulijui," akasema hatimaye. "Siku ile, asubuhi, aliiangalia kanda peke yake. Mie nlikuwepo, nnafagia. Alikuwa anataka kusema kocha wa kule ndiye kasema wasichana wasicheze. Nkamwambia Zuhura hatomsikiliza kocha. Nkamwambia, sema kasema Mpole."

Nilimuuliza kwa nini. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama namuuliza mwanafunzi kwa nini amechelewa.

"Mie nshakataliwa. Ungelikwenda weye, ungelirudi mtu mwengine. Nngelibaki na nani humu ndani?" Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mafuta. "Miaka yote hii unamnunia yeye, ukija kwangu unanipa mkono. Siwezi tena, Zuu."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemlilia mtu huyu siku alipofiwa na mtoto. Nilikuwa nimemfunza wanawe Kiingereza bure, sebuleni kwangu, nikiwapa juisi ya ukwaju. Nikaitafuta ile chuki yangu ya Idrisa mahali nilipoizoea, sikuikuta. Ilikuwa imeshahama, yote, na nilijua ilikohamia. Idrisa alikuwa mwongo, lakini alikuwa mwongo kwa kila mtu. Aliyenijua mimi, aliyejua mlango gani wa moyo wangu uko wazi na akamwelekeza mwizi hapo, alikuwa amekaa mbele yangu na sinia la pilau.

"Idrisa nshamsamehe," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Mungu naye amsamehe."

Salma akashusha pumzi. "Na mie?"

Ningeweza kunyamaza. Bi Asha alikwishakufa, Idrisa alikwishakufa, na lile neno nililolisikia ngazini hakuna aliyebaki duniani wa kulijua ila mimi. Nikamwambia.

"Mamako alishamwambia Idrisa, Zuhura akenda, na weye wende. Nlimsikia kwa masikio yangu. Tungelikwenda sote."

Mkono wake ulisimama kwenye wali. Ndani, wanaume walikuwa wanaitikia amina. Hakuniuliza tena kama nimemsamehe. Nilivaa viatu vyangu, nikatokea mlango wa uani, nikaenda zangu bila ya kula.